Ma Getruda na Injini Niliyomfundisha Kuizima

Vijana wenzangu wa karakana ya Kashai, mliniomba niwaandikie ninayoyajua kabla sijayasahau. Huu ni mwezi wa nne tangu nistaafu, na mke wangu ameanza kuniuliza kwa upole ni lini nitapata kitu cha kufanya, kwa hiyo naandika. Sitawaambia nililipwa nini wala nani alinipandisha cheo, maana la kwanza linasikitisha na la pili halikutokea. Nitawaandikia jinsi watu wanavyowasha na kuzima pikipiki zao. Ndiyo elimu pekee niliyo nayo ambayo haimo katika kitabu cha kiwandani. Ndani yake limo pia kosa langu moja, lililomvunja goti mama mmoja wa Rubya, na ambalo nililificha karibu maisha yangu yote ya kazi. Naomba msiliruke mkitafuta vichekesho.

Nilianzia Bukoba mjini, kwa Mzee Salumu. Babu yake alitoka pwani akifuata biashara, yeye akazaliwa hapa na kusema Kihaya kuliko mimi. Alivaa kofia nyeupe ambayo haikuwahi kupata doa la oili, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa, kwa sababu mimi nilikuwa nikipata oili hata kwenye soksi. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya na spana mbili nilizoazima kwa mjomba. Alizichukua zote mbili, akaziweka juu ya kabati, akanikalisha kwenye kreti la soda mlangoni.

"Sikiliza," akasema.

Nilisikiliza wiki nzima. Kila pikipiki ilipofika aliniuliza bila kuinua kichwa, "Huyu ni mtu wa namna gani?" Mara ya kwanza nilijibu kwamba ni pikipiki nyekundu yenye kapu la samaki. Akaniambia hakuuliza habari za pikipiki. Basi nikaanza kusikia. Yupo anayepiga kiki mara tano kwa hasira kabla hajawasha swichi, kisha anaitazama injini kana kwamba imemtukana. Yupo anayevuta choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, saa saba mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu siku aliyouziwa pikipiki aliambiwa avute choki na hakuna aliyemwambia aache. Kulikuwa na katekista mmoja aliyefanya ishara ya msalaba kabla ya kila kiki. Mzee Salumu, Mwislamu wa swala tano, alimwambia, "Endelea, baba, ni vizuri. Lakini na koki ya mafuta ufungue."

Kuzima nako kuna watu wake. Nyie wa Kashai mnawajua wale wanaonyonga resi mara mbili kwa nguvu ndipo wazime, mpaka mtoto wa chumba cha pili anaamka. Niliwahi kuwauliza watatu kijiweni kwa nini wanafanya hivyo. Wa kwanza alisema anaichaji betri. Wa pili alisema anaiachia injini mafuta ya kesho. Wa tatu akasema, "Ili wajue nimefika." Huyo wa tatu nilimheshimu, maana ndiye peke yake aliyekuwa akisema kweli. Mafuta wanayoyaacha hayangoji kesho. Yanashuka kwenye kuta za silinda na kuosha oili, na asubuhi injini inawaka ikiwa kavu. Nimelisema hili mara nyingi kuliko nilivyosali rozari, na matokeo yake mnayasikia kila jioni.

Kesi iliyonipa jina ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyekaa nje kidogo ya mji, tumwite Mwalimu Rwega. Pikipiki yake ilizimika kila asubuhi mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa mbele ya nyumba ya mama mkwe wake. Mnajua heshima ya mama mkwe kwetu. Mtu hapiti akampungia mkono. Ilimbidi ashuke, avue kofia, asalimie inavyotakiwa, aulizwe habari za mke, za watoto, za mbuzi, kisha asukume pikipiki huku mama wa watu akimtazama kwa huruma. Alikuja karakana akiwa amekonda. Alikuwa amebadilisha plagi mara mbili na alikuwa karibu kumwita mtu wa maombi.

"Fundi," akaniambia kwa sauti ya chini, "yule mama hanipendi."

Nilimwomba anionyeshe tu anavyolala na kuamka na pikipiki yake. Jioni alifunga koki ya mafuta, jambo zuri. Asubuhi alipiga kiki, ikawaka, akaondoka. Koki aliisahau. Mafuta yaliyobaki ndani ya kabureta yalimtosha kutoka kwake mpaka kwa mama mkwe, na si hatua moja zaidi. Nilimwambia afungue koki kabla ya kiki. Baada ya wiki mbili alirudi na uso uleule. Pikipiki ilikuwa inapita vizuri sasa, na mama mkwe alikuwa amepeleka malalamiko kwa wazee wa ukoo kwamba mkwe wake ameanza kiburi, hasimami tena kusalimia. Mwalimu akarudi kuondoka na koki imefungwa kila Jumatatu, kwa hiari yake.

Baada ya hapo nilijiona fundi kweli, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mradi mmoja wa kahawa na migomba ulileta pikipiki mpya wilayani Muleba kwa ajili ya mabwana na mabibi shamba, ukatafuta fundi wa kuzitunza na kuwafundisha kuziendesha. Mzee Salumu aliniruhusu niende. Siku ya kuniaga alinipa bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mti, ile aliyokuwa akiiegemeza kwenye injini na kuweka sikio juu ya mpini ili asikie vyuma vinavyosemezana. Alinipa na neno moja: "Injini ikishapanda mlima mrefu, ipumzishe." Alikuwa na maana kwamba ukifika juu usimame, uiache ingurume kidogo pasipo kunyonga resi, ipoe, kisha uendelee. Nilijua kabisa kwamba hiyo ndiyo maana yake. Nilimwona akifanya hivyo mara mia.

Siku ya kwanza ya mafunzo nilikuwa na wanafunzi kumi na wawili, wengi wamenizidi elimu, wana vyeti vya kilimo, wanasema Kiingereza wakiwa peke yao. Nilitaka waondoke wakisema fundi yule ni bingwa. Basi lile neno la mzee nikalipamba. Nikawaambia: ukifika juu ya mteremko, weka gia huru, zima swichi, teremka kimya. Injini inapumzika, mafuta yanabaki, na pikipiki itakuzika. Walicheka, wakaandika. Sikuwa nimesoma jambo hilo popote. Nilikuwa nimewaona vijana wa mjini wakifanya hivyo, nikalipa heshima ya elimu.

Aliyeandika kuliko wote ni Getruda, bibi shamba wa upande wa Rubya, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Alikuwa na daftari la mistari, na kila nililosema aliliwekea namba. Alikuwa dereva mzuri kuliko wanaume wote wa kundi lile, na nilimwambia hivyo, nao hawakufurahi. Miezi sita baadaye alikuwa anateremka kutoka Rubya, swichi imezimwa, gia huru, mkungu wa ndizi wa mfano umefungwa nyuma kwa ajili ya somo la wakulima. Ule mteremko mnaujua, ni mrefu na una kona tatu. Pikipiki yenye gia ndani na injini inayowaka hujizuia yenyewe, breki inasaidia tu. Yake ilikuwa haina kitu cha kuizuia isipokuwa breki. Kwenye kona ya pili breki zilikuwa zimeshika moto. Kwenye ya tatu alikanyaga na hapakuwa na kitu. Aliingia mtaroni, pikipiki ikamlalia mguu wa kulia.

Nililetewa pikipiki kabla sijaenda kumwona yeye. Nilifungua gurudumu la nyuma. Ngozi za breki zilikuwa zimeungua zikang'aa kama kioo, na ngoma yake imegeuka rangi ya bluu. Nilikaa chini nikielewa kila kitu. Mkuu wa mradi alikuja akasimama nyuma yangu.

"Nini, Fundi?"

"Breki," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na lilitosha kumpeleka mbali na mimi. Akauliza kama Getruda alikuwa ameileta matengenezoni mwezi ule. Nikasema alichelewa wiki moja, na hilo nalo lilikuwa kweli. Akaandika barua ya onyo, ikapelekwa hospitalini, Getruda akaisoma akiwa kitandani, mguu umening'inizwa.

Ngozi zile nilizichukua mwenyewe mpaka Bukoba ili zibandikwe upya. Mzee Salumu alizigeuza mikononi. "Injini ilikuwa inawaka?" akauliza. Nikasema sijui. Akaenda kunawa mikono, ingawa ngozi zile hazikuwa na oili. Hakuniuliza tena mpaka alipofariki. Mara nyingi nilitamani angeniuliza.

Goti la Getruda lilipona lakini halikukunjika tena. Mtu asiyeweza kukunja goti la kulia hawezi kupiga kiki, na pikipiki zile hazikuwa na kitufe cha kuwashia. Wote tulidhani atarudi ofisini kuhesabu miche. Akarudi barabarani. Aliegesha pikipiki mahali penye mwinamo tu, pua ikitazama chini. Akitaka kuondoka anapanda, anaweka gia ya pili, anashika klachi, anaiachia pikipiki iserereke hatua kumi, anaachia klachi, injini inashtuka na kuwaka. Akikuta uwanda, anaita wanakwaya, wachota maji, yeyote, wamsukume. Ilifika mahali mtu akimtafuta Ma Getruda hakuuliza yuko kijiji gani, aliuliza yuko kilima gani. Kwenye harusi moja aliiacha pikipiki yake juu kwenye kibanja cha jirani, akashuka kwa mguu na fimbo yake, watu wakapiga vigelegele wakidhani bibi harusi amefika.

Tulimtania sana. Na mimi nilimtania. Nilikuwa nikimwambia serikali ingemjengea kilima chake mwenyewe mbele ya ofisi, naye anacheka kile kicheko. Nilimkunjia pedali ya breki ikae juu kidogo ili mguu wake uifikie bila shida, nikamwekea ngozi mpya kabla hazijaisha, na kila nilipofanya hivyo nilijiambia nimelipa. Yeye kila mwezi, tarehe ileile, bila kuchelewa hata siku moja, aliileta pikipiki matengenezoni. Alisimama mbele yangu kama mtoto aliyewahi shule. "Waitu Fundi, leo sikuchelewa," alikuwa akisema, kwa lile neno letu la heshima la Kihaya. Niliona aibu, nikachukua spana.

Mradi ulifungwa, pikipiki zikagawiwa, mimi nikarudi mjini nikafungua karakana hapo Kashai mlipo nyinyi. Yaliyofuata mnayajua, maana mliyaona, na mliwaeleza wateja vibaya. Zilikuja pikipiki za kuwashwa kwa kidole. Ma Getruda naye alipata moja, nikasikia kwamba bado anaiegesha kwenye mwinamo.

Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilikaa nyumbani nikitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Mwezi wa pili mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwambia jambo hili zamani sana, aliniwekea shati safi juu ya kiti. "Nenda Rubya," akasema. "Unatengeneza mlango huo kwa mara ya tatu."

Nilimkuta Ma Getruda barazani anachambua maharage, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Nyumba yake iko katikati ya mteremko uleule, chini kidogo ya kona ya kwanza. Alifurahi kuniona kiasi kwamba nilitaka kurudi. Alinipa kahawa ya kutafuna, tukaulizana habari za waliokufa na waliooa. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia neno la Mzee Salumu, jinsi nilivyolipamba, ngozi zilivyong'aa, jibu langu kwa mkuu, mpaka barua ya onyo. Mikono yake iliendelea kuchambua maharage, nikaona sasa yanaingia mabovu na mazima pamoja.

"Kwa hiyo si kuchelewa wiki moja," akasema.

"Hapana, Ma Getruda. Ni mimi."

"Miaka yote nimekuwa nikiungama uzembe ule." Akaweka ungo chini. "Padre mmoja alifika mahali akaniambia basi, inatosha."

Nilisubiri anitukane, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Lakini hakuwa ananitazama mimi tena. Alikuwa anatazama juu barabarani.

"Fundi, mimi lile neno sikuliacha. Nilidhani tatizo lilikuwa ngozi za breki. Neno nililiona zuri." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimemfundisha Evodi."

Evodi ni mwanawe wa mwisho. Ana miaka kama ishirini na mitano na anaendesha bodaboda kati ya Rubya na barabara kubwa. Anapanda na kuteremka pale mara nane au kumi kwa siku, na mara nyingi ana abiria nyuma, wengine mama wajawazito, wengine wazee. Nilimwuliza kama Evodi anazima swichi. "Kila safari," akasema. "Anajivunia. Anasema mama yangu ni mtaalamu."

Alimpigia simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Mtu anayeendesha vizuri hapokei simu, na hilo nalo alikuwa amemfundisha yeye. Tukakaa. Saa kumi ilikuwa imepita kidogo, saa ambayo huwa anarudi kula. Ndipo tukasikia pikipiki inapanda upande wa pili wa kilima, gia ya pili, ikilalamika kidogo. Pikipiki iliyotunzwa ningeitambua popote. Ikafika juu. Ikazimika.

Vijana, nimesikiliza injini maisha yangu yote, na sijawahi kusikiliza kitu kama kile kimya. Mama yake alisimama bila fimbo. Tulijua wote wawili umbali wa kutoka juu mpaka kona ya kwanza, na tulikuwa tunaupima kila mmoja kichwani kwake. Yeye midomo yake ilikuwa inatembea. Mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilijua ninaogopa nini, kwamba nitamvunja na huyu.

Matairi yakasikika kwenye changarawe, akaingia uani anateleza kimya, kijana mrefu, anatabasamu, nyuma amembeba bibi mmoja wa jirani mwenye kikapu cha mayai. Akasimamisha pikipiki bila hata kuitikisa. Mayai yote mazima.

"Shikamoo mzee," akaniambia. "Mama, mbona umesimama?"

Mama yake alimwomba yule bibi ashuke, akamwambia Evodi akae. "Fundi ana neno," akasema, akaketi, akanigeuzia uso. Nikamweleza. Alipoelewa kwamba nasema injini isizimwe alianza kucheka, akanionyesha tanki, akaniambia mafuta ya siku moja yanampa siku na nusu. Sikubishana naye kuhusu mafuta. Nilifungua gurudumu lake la nyuma pale pale uani, kwa spana zake mwenyewe, nikamwonyesha ngozi. Zilikuwa zimeanza kung'aa pembezoni. Nikamwambia nilishaona nyingine zikiwa hivi, zikazidi kidogo, na kwamba ngozi zile zilitoka kwenye pikipiki ya mama yake. Akazishika. Akatazama goti la mama yake, ambalo alikuwa ameliona kila siku tangu azaliwe, na cheko likamwisha.

"Ni wewe ulimwambia?" akaniuliza.

"Ni mimi."

 Evodi akarudisha gurudumu mwenyewe, polepole, akakaza nati kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Nilitaka kumwambia asikaze hivyo, nikanyamaza.

Ma Getruda hakuniambia amenisamehe, na sikumwuliza. Aliniambia nirudi kwa vijana wangu niwaandikie, niwatajie Rubya na mteremko na jina lake, wasije wakadhani ni hadithi. Kisha akamwambia Evodi anipeleke barabara kubwa nikapate gari, kabla jua halijashuka.

Nilipanda nyuma. Mbele yetu zilikuwa bado kona mbili. Evodi aliwasha, tukatoka uani, tukafika pale mteremko unapoanza kuinama, na nikaona mkono wake wa kulia ukiacha usukani na kwenda kwenye swichi, wenyewe, kama mkono unavyokwenda kujikuna. Vidole vilishika ufunguo. Vikakaa hapo. Kisha vikauachia, vikarudi kwenye usukani, na mguu wake wa kushoto ukakanyaga kuingiza gia ya pili. Injini ikanguruma kwa kuzuiwa, nasi tukateremka taratibu, tukaipita kona ya pili, tukaipita ya tatu, na mimi nikalia mgongoni mwa kijana yule mpaka chini.